Akiba Iliyoinyamazisha Redio

Siku hizi mtu akiniambia akiba haiozi, namjibu vibaya. Nimezaliwa Tabora, nimekuzwa na michembe, najua methali hiyo ilitufaa nini. Bibi yangu alikuwa akikata viazi vitamu vipande, anavianika juu ya mwamba mpaka vinakauka vikawa vigumu kama kuni, kisha anavijaza kwenye kihenge. Mwaka mvua ikigoma, sisi tulikula. Lakini hata bibi, aliyekuwa bahili wa kutupwa, hakumwaga michembe mipya juu ya mikuukuu. Kila msimu alikikomba kihenge, iliyotobolewa na wadudu akawapa kuku, akafagia hadi chini, ndipo akajaza upya. Meneja wangu naye alikuzwa na michembe, ila somo la kufagia alilikosa.

Mimi ni fundi mitambo wa redio ndogo ya jamii hapa mjini. Studio yetu ni vyumba vya nyumba ya zamani yenye kuta nene za udongo, na mnara wa kurushia uko kilimani, nje ya mji. Kati ya studio na kilima hakuna waya. Sauti inaingia kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ndiyo inayoipeleka kilimani. Muziki, taarifa ya habari, mahubiri ya Jumapili, hata kikohozi cha mtangazaji, vyote hupita humo. Mashine ikilala, mtangazaji anaweza kupiga kelele mpaka koo limkauke na asisikike hata kwa jirani anayekaanga maandazi.

Watu wa mijini huniuliza nani bado anasikiliza redio wakati kila mtu ana simu. Nawaambia waende Ipole, kisha wapite Ipole waingie porini. Msimu wa asali wanaume huhamia kambini wiki kwa wiki, mahali ambapo simu haina kazi zaidi ya kuonyesha saa. Wanatundika mizinga, wanarina, wanachuja, na kwenye tawi la mti wamening'iniza redio. Familia zote za huku zinajua kwamba ukitaka kumpata mtu wa kambini, huendi kwenye mtandao wa simu. Unaleta tangazo kwetu. Ndoa, ugonjwa, mtoto aliyezaliwa, na zaidi ya yote msiba.

Sasa kompyuta hiyo, yenye kubeba misiba ya nusu ya mkoa, iliwekwa na mtaalamu kutoka Dar. Alikuja kwa basi, akaifanyia kazi siku moja, akala kuku, akaondoka. Katika kuigawa diski alitenga sehemu ya kuwashia, yaani kile kijichumba ambacho mashine hukiingia kwanza inapoamka, kwa sababu humo ndimo kinamokaa kiini cha mfumo, ile programu inayoiendesha mashine nzima. Akakitengea kijichumba hicho nafasi ya kuwekea ndala, na diski yote iliyobaki ikakaa tupu. Tatizo ni kwamba kila masasisho makubwa yanapokuja huleta kiini kipya, na kile cha zamani hubaki pembeni, ili kipya kikikataa uweze kurudi kwa kilichokuwa kinafanya kazi. Kiini cha zamani kimoja kinatosha. Ukiviacha vifuatane tu bila kuondoa hata kimoja, siku moja mlango hautafunguka.

Nililiona hilo mapema na nikalisema. Meneja akacheka. Mtaalamu yule alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani zetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. "Umshitaki mtani?" akaniuliza. "Mtani akikukosea unamtania, basi." Utani naupenda, kwetu hata msiba hauendi bila watani. Lakini utani wa kuzuia kazi mbovu isisemwe siutambui.

Na hata kazi ile mbovu ingevumilika kama ningeruhusiwa kufagia. Sikuruhusiwa. Kabla sijaajiriwa, mtangazaji mmoja alifuta kwa bahati mbaya nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kwa ajili ya Pasaka, na tangu hapo meneja akabandika juu ya kioo cha kompyuta karatasi yenye herufi kubwa: USIFUTE KITU CHOCHOTE BILA IDHINI YA MENEJA. Kwaya imefutwa na mtu aliyekosea, adhabu akapewa kila mtu. Mimi niliyeajiriwa kuitunza mashine nikawa natakiwa kuomba ruhusa ya kuitunza.

Niliomba. Niliomba kwa heshima, kwa maneno mepesi, nimesimama.

"Mzee, hivi viini vya zamani tuviondoe. Mashine yenyewe inasema haivihitaji tena."

"Mashine inasema!" akajibu. "Mashine imezaliwa juzi. Kipya kikikataa, utamkimbilia nani? Akiba haiozi, binti yangu."

"Tunabakiza kimoja cha akiba, mzee. Vingine vinajaza chumba."

"Kikijaa tutajua."

Tukajua.

Ilikuwa kiangazi, katikati ya msimu wa asali, ile miezi ambayo asubuhi Tabora unavaa sweta na mchana unalilaani. Nilipofika kazini nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi la nje, kanga mbili, miguu yake ina vumbi jekundu mpaka magotini. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta tangazo la msiba."

Mama yake mzazi alikuwa amefariki usiku ule, kijijini, upande wa Sikonge. Maziko yalipangwa kesho yake saa sita mchana, baada ya ibada ya mchungaji. Waliweza kuzika siku ileile, lakini walisogeza kwa sababu moja tu: kaka yake, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa kambini, mbele sana ya Ipole. Katika familia yao mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini, na wengine hawagusi udongo mpaka yeye aguse. Walikuwa wamemtuma mtu kwa pikipiki, ila njia za pikipiki zinaishia mahali, na kambi ya mwaka huu hakuna aliyeijua ilipo. Redio anayo, alisema yule mama. Hakai bila redio. Akisikia asubuhi hii atatembea mchana kutwa, na kesho atafika.

Nikachukua tangazo nikaingia ndani kwa haraka, na nikamkuta meneja amesimama mbele ya kioo cheusi.

Alikuwa amefika kabla yangu. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe kwamba masasisho yako tayari, na yeye, mtu asiyetaka kifutwe hata kivuli, akabonyeza ndiyo. Mashine ikaanza kupakua, ikafika katikati, ikamwambia kwamba hakuna nafasi kwenye sehemu ya kuwashia. Hakusoma. Akaizima akaiwasha, kwa ile imani kwamba kila kifaa kikizimwa na kuwashwa hupona. Kiini kipya kilikuwa kimeingia nusu, hakina hata nyenzo za kuifikia diski, na mashine ikajaribu kuamka kwa kiini hicho cha nusu. Ikajaza kioo mistari myeupe, na mstari wa mwisho, kwa lugha ya mashine, ulikuwa ukisema kwamba kiini kimeshikwa na kiwewe.

Niliusoma nikaelewa palepale. Sijisifu, ilikuwa imeandikwa. Nikamwambia meneja kwamba si jambo kubwa. Tuiwashe tena, tubonyeze kitufe, itatuonyesha orodha ya viini, tuchague cha jana, tuko hewani. Kusafisha kutafuata.

"Usiguse!" akasema. Akaweka mwili wake kati yangu na meza. "Hii ni virusi. Anayeijua ni aliyeiweka."

Akaanza kumpigia yule mtaalamu wa Dar. Simu ikasema haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaagiza chai na chapati, akapiga na chapati mdomoni. Nikamweleza kwa mara ya pili, nikamweleza kwa mara ya tatu nikiwa nimechora kijichumba na viini vyake nyuma ya kalenda. Akaitazama michoro yangu kwa upole wa mtu anayetazama picha ya mtoto wa chekechea.

Ninapokumbuka asubuhi ile, kinachonikera si kwamba hakujua. Kutojua si dhambi, mimi mwenyewe sijui mambo mengi. Kinachonikera ni kwamba nilikuwa nimesimama pale, nimesomea, nimeajiriwa kwa kazi hiyohiyo, naongea Kiswahili kinachoeleweka, na akaona ni heri kuzungumza na simu iliyozimwa. Bado inaniuma, na sitaki isiniume.

Yule mama alikuwa akisubiri. Kila nikipita kwenye korido alinyanyua uso.

"Mwanangu, limeshasomwa?"

Meneja alikuwa ameniagiza nijibu kwamba ni muda si mrefu. Nikajibu hivyo. Alikuwa akisema ahsante. Kila mara ahsante, kama vile ni mimi ninayemfanyia hisani, na mimi nikirudi ndani ninatamani kupiga kitu teke. Jua likahama kutoka benchini likaenda kwenye ukuta wa pili, na yule mama naye akahamia upande wenye kivuli, akaendelea kusubiri. Hakuna aliyempa hata maji mpaka nilipompelekea mimi. Meneja kwa wakati huo alikuwa ameshapata maelezo mapya: si virusi, ni umeme wa jana. Baadaye ikawa joto. Kila kitu kiliweza kuwa na hatia katika jengo lile isipokuwa ile karatasi yake juu ya kioo.

Mchana ulipokuwa umeiva, mama yule akaingia ndani bila kubisha hodi. Akasimama mlangoni, akakunja mikono juu ya kanga.

"Baba, mimi sijui mambo ya mashine," akamwambia meneja. "Nataka kujua neno moja tu. Nimkatie tamaa kaka yangu, nirudi nyumbani nikasaidie wenzangu, au niendelee kukaa?"

Meneja akaweka simu chini. Akajiweka sawa kwenye kiti, akavaa ile sauti yake ya salamu za Idi na Krismasi. "Mama yangu," akasema, "subira yavuta heri."

Hapo nikapasuka.

"Mzee, maiti haingoji heri!" Sikuwahi kumpandishia sauti mtu wa umri wake, na mama yangu angenizaba kofi kwa hilo. "Mama huyu amefiwa. Yuko hapa tangu asubuhi. Mimi naiwasha hii mashine sasa hivi."

"Ukiiharibu ni wewe," akasema meneja.

"Na ikipona itakuwa nani?"

Sijui kama alinipisha au mimi ndiye niliyepita. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, nikashikilia kingine, na orodha ikaja juu ya kioo: viini vyote, kipya kilichokufa kikiwa juu na vya zamani vimepanga foleni chini yake. Nikateremka hadi cha jana, nikabonyeza. Mistari ikapita. Mashine ikaamka, ikapiga ile sauti yake ya kukaribisha, na spika za studio zikanguruma.

Ndiyo hivyo. Kuteremka na kubonyeza. Hicho ndicho mji mzima, na pori zima hadi mpakani mwa mkoa, ulichokisubiri tangu alfajiri.

Meneja akapumua, akanipiga piga begani. "Umeona?" akasema, na uso wake ulikuwa umechangamka kabisa. "Bila ile akiba niliyokukataza usiifute, leo ungeamkia wapi?"

Ubaya wake ni kwamba alikuwa na robo ya ukweli, na mtu mwenye robo ya ukweli hashindiki. Kiini cha jana ndicho kilichotuokoa, na ndicho nilichokuwa nimesema tangu mwanzo kibaki. Ni lile rundo lingine lililotuziba mdomo. Nilimshika mkono yule mama nikampeleka kwenye maikrofoni.

Mtangazaji alilisoma tangazo kwa Kiswahili, taratibu, akataja kijiji, marehemu na saa ya maziko, akaomba yeyote aliye karibu na kambi za ndani afikishe habari. Kisha yule mama akainama akasema mwenyewe kwa Kinyamwezi. Kituo chetu kina sheria kwamba hewani ni Kiswahili tu. Meneja alifungua kinywa, nikamtazama, akakifunga. Mama alimwita kaka yake kwa jina la utotoni, akamwambia mama yao amelala, njoo. Sauti yake haikutetemeka. Akavua vipokea sauti vya masikioni, akaniambia ahsante mwanangu, akatoka kwenda kutafuta gari la Sikonge.

Tangazo likarudiwa kila kipindi kilipomalizika. Mimi nikakaa chini kusafisha. Kwanza nikaiuliza mashine inatumia kiini gani, ili nisije nikaukata mti nilioukalia. Kisha nikaangalia ile sehemu ya kuwashia: imejaa pomoni, hakuna hata nafasi ya sindano. Nikaamuru viini vikuukuu viondolewe. Ikakataa, ikasema nimalize kwanza sasisho lililokwama. Nikaamuru sasisho limalizike. Ikakataa, ikasema hakuna nafasi. Ni kama mlango uliofungwa na ufunguo umebaki ndani. Basi nikaingilia dirishani: nikatafuta faili kubwa la kiini kikongwe kuliko vyote, nikalifuta kwa mkono wangu mwenyewe, chini ya ile karatasi iliyonikataza. Pengo hilo moja lilitosha. Sasisho lililokwama likamalizika, kiini cha nusu kikawa kizima, na baada ya hapo mashine ikanitii, ikaviondoa vile vingine kimoja kimoja kwa utaratibu wake. Nikabakiza kipya na cha jana. Nikaipanga upya ile orodha, nikangoja mwisho wa kipindi, nikaizima, nikaiwasha. Ikaamka bila kusuasua.

Kazi yote hiyo ilikuwa fupi kuliko chai ya meneja. Nikaibandua karatasi yake nikaitia kwenye kapu. Siku ya pili ikarudi, mpya, na safari hii imetiwa plastiki.

Wiki moja baadaye, nikiwa mapokezi, aliingia mwanamume mrefu, mkavu, nywele zimeingia mvi, shati lina harufu ya moshi. Mkononi alikuwa na ndoo yenye mfuniko. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema yeye ni yule aliyetangaziwa msiba wa mama yake, na amekuja kushukuru.

Meneja akatoka ofisini kabla sijasema neno. Akampokea kwa mikono miwili, akampa pole, akamketisha kwenye kile kiti kizuri. Akamwambia redio yetu ni ya wananchi, nasi tupo kwa ajili yao wakati wa raha na wakati wa shida. Akaipokea ndoo.

"Uliwahi, baba?" nikauliza.

"Sikuwahi," akasema. "Nilitembea usiku, lakini kule ni mbali. Niliwakuta wanarudi kutoka makaburini. Mchungaji alikuwa na msiba mwingine, wasingeweza kumzuia. Dada alikataa kutia udongo wa kwanza, wakamlazimisha. Lakini habari nilizipata. Wengine hawapati hata habari."

Meneja akasema ni mipango ya Mungu.

"Si mipango ya Mungu," nikasema. "Baba, tangazo lako lililetwa hapa asubuhi na mapema. Mashine yetu ilikuwa imezimika. Tulikaa nayo mpaka mchana, na ilikuwa ya kuwashwa mara moja."

Meneja alinitazama kwa jicho la kunifukuza kazi. Yule mwanamume hakukasirika. Nilitaka akasirike. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anayepanga mambo mahali pake.

"Kumbe," akasema. "Mimi niliiwasha redio asubuhi kama kawaida. Haikunguruma, haikukwaruza, kimya tu. Nikajua betri zimekufa. Nikazitoa, nikazianika juani juu ya mwamba zipate nguvu, nikapanda mitini kurina. Nikazirudisha jioni, na kitu cha kwanza nilichosikia ni tangazo."

Mnara wetu kilimani haukuzimika pamoja na kompyuta; ulikuwa hewani asubuhi nzima, unarusha ukimya, na ukimya ule ulimfikia vizuri kabisa. Na mchana tulipoanza kusema, betri zake zilikuwa mwambani.

"Njiani nilizilaumu sana betri zile," akaendelea. Akasimama, akatushika mkono sote wawili, kwanza meneja, kisha mimi. "Usijali, mwanangu. Ni zangu za zamani. Nilisema bado zina nguvu kidogo, ndiyo sababu sikuzitupa. Nimeshanunua mpya."

Meneja alikuwa ameshafungua mfuniko, anaonja asali kwa kidole.